Nyaya Kwanza, Seva Baadaye

Nchi hii ina ugonjwa mmoja ambao hautibiki hospitalini: ugonjwa wa kuzindua. Tunazindua zahanati kabla ya kuajiri daktari, soko kabla ya choo, na sasa tunataka kuzindua vituo vikubwa vya data kabla ya nyaya za kuvipelekea stima. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, wageni wanarudi kwao, na sisi tunaachiwa jiwe la msingi na nyasi.

Niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane wakati. Sipingi vituo vya data. Navitaka. Hadi 2015, seva zilizoendesha M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Yaani ulikuwa ukimtumia nyanya yako mia mbili kule Siaya, na hesabu inafanyiwa Ulaya kabla simu yake haijalia. Kuzileta hapa lilikuwa jambo la maana. Data yetu ikikaa karibu, huduma zinakuwa za haraka na sheria zetu zinapata meno. Ninachopinga ni kitu kimoja: kuahidi mzigo mkubwa wa umeme leo, halafu kesho ndiyo tuulize utapitia waya gani, utalipiwa na nani, na ni mtaa gani utazimwa siku mambo yakikaza.

Tufanye hesabu, kwa sababu hotuba hazina mita.

Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Washington, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya. Kiini chake ni kituo cha data Olkaria, kitakachoendeshwa kwa nguvu za mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na lengo la mbali ni megawati 1,000. Ahadi ilikuwa kwamba huduma zianze ndani ya miezi 24 baada ya mikataba kutiwa saini.

Sasa chukua kalamu. Mapema 2025, kilele cha matumizi ya umeme katika Kenya nzima kilikuwa megawati 2,300 na ushee. Kenya nzima, wasee: viwanda vya Athi River, hoteli za Diani, taa za Uhuru Highway, kinyozi wa Kangemi na posho mill ya Kapsabet. Megawati 100 ni kama asilimia 4 ya hiyo yote. Megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40. Mteja mmoja, nyuma ya ua mmoja.

Na huyu si mteja kama mimi na wewe. Sisi tunawasha taa saa moja jioni, tunapiga pasi, tunachemsha maji, tunalala. Kituo cha data hakilali. Seva zinakula stima saa nane mchana na zinakula saa nane usiku, na mitambo ya kuzipoza inakula pamoja nazo. Mzigo wake ni mstari ulionyooka, hauna asubuhi wala jioni.

Hapa ndipo watetezi wa mradi hunyanyuka kwenye viti. Wanasema: lakini usiku tuna mvuke wa ziada! Ni kweli. Usiku wa manane matumizi ya nchi hushuka hadi karibu nusu ya kilele, na KenGen hulazimika kuachilia mvuke hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Ni pesa zinazopaa angani, na yeyote anayetafuta namna ya kuzikamata namuunga mkono.

Shida ni saa moja jioni. Kituo kitakula mvuke wa usiku, sawa, lakini kitakula na ule wa jioni, wakati ambapo kila jiko, kila televisheni na kila baa yenye mechi imewashwa. Mvuke wa Olkaria ni kati ya umeme wa bei nafuu tulio nao, na huwaka mfululizo bila kungoja jua wala upepo. Megawati 100 zikiondoka hapo jioni, pengo litajazwa na nini? Na mitambo ya mafuta. Mafuta yananunuliwa kwa dola, na gharama yake inatupwa kwako na kwangu kupitia tozo ya mafuta. Fungua meseji ya tokeni uliyonunua mara ya mwisho. Umelipa mia tano, lakini angalia kiasi kilichokuja kuwa stima na kiasi kilichoitwa makato mengine. Hapo ndipo gharama ya kituo itakapojificha, na hakuna atakayeandika jina la seva kwenye risiti yako.

Wengine wana jibu la pili, na linasikika la akili zaidi. Kituo kitajengwa pale pale kwenye mvuke, wanasema, kwa hivyo hakihitaji laini ndefu. Hili lina ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo hatari. Hakuna kampuni itakayoweka seva za mamilioni ya dola kwenye chanzo kimoja cha umeme. Watataka gridi kama mgongo wa pili, siku mtambo wa mvuke ukienda matengenezo. Maana yake gridi ya taifa lazima iwe na megawati hizo zikisubiri, pamoja na nyaya na transfoma zinazoweza kuzibeba, hata kama zitatumika siku kumi tu kwa mwaka. Kuweka akiba ya namna hiyo kuna gharama kila siku, iwe imetumika au haijatumika. Swali ni nani anailipia.

Hili la nyaya si jambo la kinadharia kwetu. Tulishafunzwa, na karo ilikuwa kali.

Kumbuka mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ambao licha ya jina lake uko kaunti ya Marsabit, karibu na Loiyangalani. Mitambo 365, megawati 310. Kufikia 2017 mitambo ilikuwa imesimama tayari, inatazama ziwa. Kilichokosekana ni laini ya zaidi ya kilomita 400 kuja Suswa. Laini hiyo ilikuwa jukumu la serikali. Mkandarasi kutoka Uhispania alifilisika katikati ya kazi, mambo ya ardhi na fidia yakavuta miguu, na laini ikakamilika Septemba 2018. Zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma bure. Na mkataba ulisema laini ikichelewa, mwenye mitambo alipwe. Akalipwa. Mabilioni ya shilingi, kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja.

Ule ulikuwa umeme usio na waya. Sasa tunajiandaa kuwa na mteja asiye na waya. Ni suruali ile ile, tumeivaa nyuma mbele.

Kiini cha tatizo ni saa mbili zisizoenda pamoja. Saa ya kituo cha data inasema miezi 24: mwaga zege, leta makontena, washa. Saa ya laini ya msongo mkubwa inasema miaka: pima njia, ongea na kila mwenye shamba, lipa fidia, nenda kortini, agiza transfoma ambazo viwanda vya dunia nzima vimeelemewa na oda zake. Huwezi kuharakisha saa ya pili kwa kupiga makofi kwenye saa ya kwanza. Unachoweza ni kuanza ya pili mapema, na kukataa kuahidi ya kwanza hadi ya pili ifike mahali pa kueleweka.

Na gridi yetu haina mwili wa kubeba mishtuko. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024, laini ya kutoka Loiyangalani ilijikata pale Suswa ikiwa inabeba megawati 288. Mara ile ya Ethiopia, iliyokuwa ikileta megawati 200, nayo ikajikata. Megawati 488 zikapotea, zaidi ya robo ya umeme uliokuwa ukizalishwa wakati huo, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Mwaka uliotangulia, Agosti 2023, giza lilifika hadi uwanja wa ndege wa JKIA.

Watu hudhani gridi huanguka tu umeme ukipungua. Huanguka pia mzigo ukitoweka ghafla. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa, sekunde kwa sekunde, kama watu wawili waliobeba kabati ngazini: mmoja akiachilia bila kusema, hata aliye na nguvu anaanguka. Julai 2024 huko Virginia, Marekani, hitilafu kwenye laini moja ilifanya vituo vya data takriban 60 vijitoe kwenye gridi kwa pamoja na kukimbilia jenereta zao. Megawati 1,500 zikatoweka kwa sekunde chache. Gridi ile ni kubwa ajabu, kilele chake ni zaidi ya megawati 140,000, kwa hivyo walitetemeka na kusimama. Sasa hebu waza megawati 1,000 zikijitoa saa tisa usiku kwenye gridi ambayo wakati huo inabeba kitu kama megawati 1,200. Hapo hakuna cha kutetemeka. Ni giza kutoka Vanga hadi Moyale.

Naongea kama mtu ambaye stima ni unga wake. Nakaa Zimmerman, kwenye bedsitter, na kazi yangu ni kuwekea picha lebo mtandaoni: hii ni gari, huyu ni mtu anavuka barabara, hiki ni kivuli. Kila kazi ina saa yake. Stima ikipotea dakika ishirini, kazi inarudishwa kwenye foleni na anapewa mtu mwingine, na wenye kazi hawataki kusikia habari za transfoma. Mwezi uliopita nilipoteza jioni tatu hivyo. Jirani yangu wa chini ana saluni, yeye hupoteza wateja wakiwa na nusu ya kichwa. Picha ninazowekea lebo ndizo zinazofunza mashine zitakazokaa ndani ya vituo hivi. Seva zitakuwa na umeme wa uhakika wa asilimia karibu mia moja. Sisi tunaozifunza tutaendelea kuchungulia dirishani kuuliza, “Ni kwetu tu ama ni estate yote?”

Usiniambie hili ni wivu. Ni mpangilio wa nani anahudumiwa kwanza, na mpangilio huo huandikwa kwenye mikataba.

Wenzetu wameyapitia haya, na hatuna sababu ya kujifanya wa kwanza. Ireland ilikaribisha vituo vya data kwa mikono miwili. Mwaka 2015 vilikuwa vinakula asilimia 5 ya umeme wa nchi. Kufikia 2023 vilifika asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini zikijumlishwa. Msimamizi wa gridi yao akalazimika kusema kwamba eneo la Dublin halitapokea vituo vipya hadi karibu 2028. Hii ni nchi tajiri ya Ulaya, yenye gridi iliyokomaa, ikisema: jamani, tumeshiba. Kule kule Virginia, mwaka 2022, kampuni ya Dominion Energy ilitangaza kwamba baadhi ya vituo vilivyokuwa vinajengwa kaunti ya Loudoun vingesubiri. Umeme ulikuwepo. Nyaya za kuufikisha ndizo zilikuwa zimejaa.

Halafu kuna Ohio, na hapa nawaomba wale wa “tukiweka masharti watahamia kwa jirani” wasikilize. Kampuni ya umeme ya AEP Ohio ilisimamisha maombi mapya ya vituo vya data mwaka 2023, ikaenda kwa mdhibiti, na Julai 2025 ikapata kanuni mpya. Kituo kikubwa kipya lazima kilipie angalau asilimia 85 ya umeme kilioomba kutengewa, hata kisipoutumia, kwa hadi miaka 12. Maombi yalikuwa zaidi ya megawati 30,000. Kanuni ilipokuja, yakabaki kama 13,000. Zaidi ya nusu waliyeyuka kama barafu ya maziwa lala. Walikuwa wameweka jina kwenye foleni tu, kama yule mtu anayeshika kiti cha matatu kwa kuweka kofia kisha anaenda kununua njugu. Wenye nia walibaki, na walikuwa wengi.

Masharti hayafukuzi mwekezaji wa kweli. Yanamfukuza dalali.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu tatizo letu si ukosefu wa akili. Ni kwamba kila mkono una mwenyewe. KenGen inazalisha. KETRACO inajenga laini kubwa. Kenya Power inauza na kusambaza. EPRA inadhibiti na kupanga bei. Wizara ya Kawi ina mpango wake wa miaka ishirini wa kukuza umeme kwa gharama nafuu. Halafu wanaoalika wenye seva ni watu wengine kabisa, wa wizara ya teknolojia na wa Ikulu, na wao husaini kwanza kisha hupiga simu kwa waliobaki. Ni kama mwenye ploti anayepangisha ghorofa ya sita huku fundi bado yuko kwenye ya tatu.

Na tukisema laini zijengwe, tuseme pia zijengwe vipi. Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba wa dola milioni 736 na kampuni ya Adani ili ijenge laini za umeme. Korti ikausimamisha, na Novemba 21 Rais akaufuta Bungeni baada ya mashtaka kufunguliwa Marekani dhidi ya mwenye kampuni. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mkataba wa umma unaofichwa umma ni mkataba wa nani? Lakini kelele zilipoisha, mahitaji ya laini hayakufutwa pamoja na mkataba. Sehemu za magharibi bado zinapata stima kwa kudra. Kizazi kilichosema hapana kwa siri kina deni la kusema ndiyo kwa kitu cha wazi, na ndiyo hiyo lazima iwe na bei, ramani na tarehe.

Wala tusiongee kuhusu Olkaria kana kwamba ni ramani tupu yenye moshi mweupe. Kuna Wamaasai waliohamishwa huko mwaka 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV, wakapelekwa makazi mapya. Malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi upatanishi ufanyike kuhusu barabara, nyumba na hati za ardhi. Kila megawati mpya ya mvuke ina kisima, kila kisima kina bomba, na kila bomba linapita kwenye malisho ya mtu. Mwenye seva akisema “umeme safi,” aulizwe usafi huo unaishia wapi.

Basi nataka nini? Mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, mzigo wowote mkubwa, tuseme kuanzia megawati 20, usitiwe saini kabla ya kuonekana kwenye mpango wa taifa wa umeme, ukiwa na laini yake, kituo chake cha kupozea umeme na chanzo chake cha jioni. Pili, mwenye kituo alipie nyaya na transfoma zinazojengwa kwa ajili yake, na alipie kiasi cha chini cha umeme alioomba kwa miaka mingi, autumie asiutumie. Akiondoka katikati, asituachie mifupa. Tatu, awe na bei ya kundi lake, iliyotengwa na ya nyumba na biashara ndogo, ili gharama yake isipenye kwenye tokeni ya mama mboga. Nne, apewe bei nzuri ya usiku, nzuri kabisa, kwa sharti kwamba jioni apunguze au atumie betri zake mwenyewe. Kuna kazi za seva zinazoweza kungoja saa nne. Uji wa mtoto hauwezi. Tano, foleni ya wanaoomba umeme mkubwa ichapishwe. Nani ameomba, kiasi gani, wapi, lini. Kama ni siri ya biashara, basi na bili yangu iwe siri, nisiilipe.

Angalia kwamba mambo haya yanamfaa hata mwenye seva. Yeye ndiye wa kwanza kuumia akijenga jumba la dola milioni mia kadhaa kisha aambiwe angoje laini ya Suswa. Mpango wa wazi unampa kitu ambacho hakuna utepe unaoweza kumpa: tarehe anayoweza kuiamini.

EPRA hupanga bei za umeme kwa vipindi vya miaka mitatu, na kabla ya kupanga huitisha maoni ya wananchi. Mikutano hiyo huwa na viti vingi vitupu. Tunajua kujaza barabara na tunajua kujaza mtandao. Tujaze na ukumbi huo wa viti vya plastiki, mahali hesabu yenyewe inapofanyiwa. Uende na risiti ya tokeni mkononi. Uulize swali moja kwa Kiswahili cha kawaida, na usikae chini hadi lijibiwe kwa namba: hiki kituo kikiwashwa saa moja jioni, ni nani atazimwa?